Nani Aliwafungia Samoni Mlango?

Alhamisi saa moja na nusu asubuhi, simu ililia katika kituo kidogo cha polisi cha Ramsclough, mji wetu wa Yorkshire. Konstebo Thelma Hebblethwaite aliipokea akiwa na kipande cha mkate mdomoni.

"Polisi."

"Binti, njoo mtoni haraka! Ngazi imeibiwa maji!"

Thelma alimeza mkate. "Imeibiwa nini?"

"Maji! Ngazi ya samaki imekauka kama koo la mlevi Jumatatu asubuhi! Na samoni wako chini, wanagonga vichwa ukutani!"

Aliyekuwa akipiga kelele ni Clifford Haigh, mwenyekiti wa chama cha wavuvi wa ndoano, na hilo peke yake lilitosha kumshangaza Thelma. Kwa miaka yote mji mzima ulimjua Clifford kama mpinzani mkuu wa samoni, akidai wangemfukuzia samaki wake wengine. Sasa anawalilia.

"Kesi ya nini hiyo?" aliuliza Sajenti alipomwona Thelma akivaa kofia.

"Samaki, Sajenti."

Sajenti alicheka mpaka akashika meza. Thelma ndiye aliyekabidhiwa kesi zote za wanyama wa porini, kwa sababu siku kazi hiyo ilipogawiwa alikuwa likizo.

Ni lazima niseme mapema kwa nini jambo hili lilikuwa zito kwetu, maana wengine wanadhani sisi watu wa Ramsclough hatuna kazi. Mto Wend unakatiza katikati ya mji. Enzi za mababu, wenye kinu cha sufu waliujengea ukuta wa mawe toka ng'ambo hii hadi ile ili maji yazungushe mashine zao. Samoni huzaliwa juu mtoni, huenda kukulia baharini, kisha hurudi kutaga pale pale alipozaliwa. Siku ukuta ulipokamilika, samoni walirudi wakakuta mlango umefungwa. Kinu kilikufa, ukuta ukabaki, na samoni akabaki kuwa picha kwenye kibao cha baa.

Aliyekataa kulizoea hilo ni mtu mmoja tu, Mzee Ephraim Lumb. Kwa miaka arobaini alibisha hodi kila ofisi akitaka samoni wafunguliwe njia. Tulimcheka, tena sana. Sasa ana miaka tisini na mitatu, kifua kimemchakaa, anaishi kwenye nyumba ya wazee huko Thornley. Kamati yake ilichukuliwa na Bibi Winifred Oldroyd, na ni huyo aliyehangaika mpaka kiangazi hiki ngazi ikajengwa pembeni ya ukuta. Ni vidimbwi vya zege vilivyopandana, maji yakishuka toka kimoja hadi kingine, samaki akiruka kimoja kimoja mpaka juu. Meya angeifungua rasmi Jumamosi. Utepe mwekundu ulikuwa tayari umefungwa. Daktari naye alikuwa amemruhusu Mzee Lumb kutoka siku hiyo moja, aje aone.

Ila mvua ilinyesha Jumatatu, mto ukajaa, na Jumanne samoni wawili, dume na jike, wakafika kabla ya Meya.

Thelma alimkuta Clifford kando ya ukuta, mwavuli umefunguliwa na hakuna mvua.

"Mwavuli wa nini, Bwana Haigh?"

"Wa kumfukuza korongo. Lile dege linakuja kila asubuhi kuchungulia." Aliuzungusha mwavuli hewani kuonyesha. "Tangu Jumanne niko hapa kuanzia alfajiri."

"Wewe? Si ndiye uliyesema samoni wakija utahama mji?"

Clifford aliona haya. "Nilisema hivyo nilipokuwa sijamwona. Hebu mtazame yule jike. Mtazame tu, binti."

Thelma alitazama. Chini ya ukuta, kwenye maji ya rangi ya chai, mgongo mrefu wa fedha ulipita polepole, ukageuka, ukapita tena. Thelma hakuwa mtu wa samaki, lakini alijikuta amevua kofia.

Kisha akaanza kazi. Juu kabisa ya ngazi kuna mfereji wa chuma ambamo mbao huteremshwa kuzuia maji, mafundi wanapotaka kusafisha. Mtu alikuwa ameziteremsha mbao zote. Thelma aligundua kwamba ubao wa juu haukushindiliwa hadi mwisho. Uliachiwa upenyo wa vidole viwili, na maji kidogo yalikuwa yakichuruzika ukutani hadi kwenye kidimbwi cha chini ya ukuta walimokuwa samoni.

"Kazi ya ovyo," alisema Clifford.

"Au ya makusudi. Na huu wavu?"

Juu ya kidimbwi ulitandazwa wavu wa kijani, mwepesi, umefungwa vizuri kwenye mawe pande zote nne.

"Jana jioni haukuwepo. Nilidhani ni wenu polisi."

Thelma aliinama. Kwenye tundu moja la wavu kulikuwa na kipande cha jani, kinene, cha kijani kibichi. Alikinusa, akakitia mfukoni.

Wakati huo Bibi Winifred alikuwa anateremka njia na chupa yake ya chai, mama wa miaka sabini na moja, buti za mpira mguuni. Alipoiona ngazi alipiga ukelele uliowarusha bata wote.

"Nani kafanya hivi? Nani? Jamani, roho mbaya gani hii!" Akamimina chai akampa Thelma, akampa Clifford. Kwa Winifred, hata dunia ikiisha, chai kwanza.

"Tuzitoe hizo mbao sasa hivi," alisema Thelma.

"Haiwezekani, mwanangu. Zinatolewa kwa kulabu ndefu ya chuma, na kulabu iko kwenye banda la vifaa, pale juu."

Kibandani kulikuwa na kila kitu isipokuwa kulabu. Kufuli ilikuwa nzima. Thelma alimpigia mkandarasi huko Leeds, akajibiwa kwa upole kwamba ngazi bado ni mali yao mpaka Jumamosi ikabidhiwe, hivyo kwa kanuni za usalama asiiguse mtu, na kwamba kulabu nyingine ingefika Jumatatu.

"Samoni watangoja mpaka Jumatatu?"

"Je, wanaweza kujaza fomu ya malalamiko?" aliuliza yule kijana wa Leeds, na Thelma hakuelewa kama ni mzaha.

Alichukua chaki akachora mstari ukutani, upande wa juu, pale maji yalipofika. Mvua haikutarajiwa. Maji yakishuka chini ya mdomo wa ngazi, pale juu yanapoingilia, hata mbao zikitolewa isingepitisha kitu, na jike yule angetaga mayai yake kwenye tope la chini ya ukuta yafie humo.

Funguo za banda walikuwa nazo watu watatu: Winifred kwa sababu ya kamati, Clifford kwa sababu chama chake kiliweka humo viti vya kuvulia, na Desmond Pogson kwa sababu banda lilikuwa kwenye ardhi yake. Thelma alianza na aliye karibu.

"Bwana Haigh, jana jioni ulikuwa wapi?"

"Ananishuku mimi niliyempigia simu!" Clifford aliiambia chai yake. "Binti, nyonga yangu ni ya chuma. Nikiinama hapa nitainuliwa na winchi. Na jana kuanzia saa kumi mpaka giza linaingia nilikuwa shambani kwangu, kwenye vile viwanja vya manispaa, nahesabu ushindi wangu."

"Ushindi gani?"

"Maonyesho ya mboga! Miaka tisa mfululizo Winifred ananipiga kwa vikabichi vyake vya Krismasi. Mwaka huu basi. Alfajiri ya leo nimepita pale nikija, njiwa wanavimaliza. Mimi nimekaa kimya kama maji ya mtungini."

Winifred aligeuka kutazama mto. Thelma alimhurumia, akamwacha.

Desmond Pogson alikuwa mtu wa kushukiwa kwa raha. Alinunua kinu kizee, akaweka chini yake mashine ndogo ya kuzalisha umeme kwa maji, na tangu ngazi ijengwe hakukaa baa bila kulalamika kwamba samaki wanamnyang'anya maji. Thelma alimkuta chini ya kinu, mafuta mpaka masikioni.

"Ngazi ikifungwa, maji yote yanakuja kwako, Bwana Pogson. Ni kweli?"

"Kweli kabisa. Ningefurahi mno."

"Kwa hiyo uliifunga."

"Niifunge ili maji yaje kufanya nini, afande? Mashine imekufa tangu Jumapili!" Akaingiza mkono kwenye ndoo, akatoa bata wa plastiki wa manjano, kichwa kimepondeka, mgongoni kaandikwa 412. "Huyu hapa muuaji!"

Kila Agosti mji wetu hushindanisha bata wa plastiki mtoni kuchangia paa la kanisa. Wengi hufika, wachache hupotea, na huyu alikuwa amejificha miezi mitatu kabla ya kwenda kujitosa kwenye mashine ya Desmond.

"Bata nambari 412 ni wa nani?" aliuliza Thelma, kwa mazoea ya kazi tu.

Desmond aliinamisha uso. "Wangu."

Ijumaa asubuhi Sajenti alimkuta Thelma ameweka mezani lile jani.

"Umemkamata? Au ametoroka kwa kuogelea?"

"Sajenti, fikiri. Mtu anafunga mlango ili mgeni asiingie. Halafu anamwachia maji safi yasimwishie pumzi, na anamtandikia wavu asiliwe na korongo. Adui gani anakufungia mlango kisha anakufunika blanketi?"

"Adui mwenye adabu. Hii ni Yorkshire."

"Si adui. Anawapenda. Anawapenda kuliko sisi sote. Anataka wapite, ila si sasa." Thelma alilinusa tena jani, akasimama ghafla hata kiti kikaanguka. Ni harufu ya kila Krismasi ya utoto wake, ile iliyokuwa ikimfukuza jikoni.

Alipitia mtoni kwanza. Maji yalikuwa vidole vinne chini ya mstari wa chaki. Mdomo wa ngazi ulibakiwa na vidole viwili. Ifikapo jioni ungekuwa hewani. Thelma aliwasha gari.

Viwanja vya manispaa viko nyuma ya kanisa, kila mtu na kipande chake cha kulima. Novemba kuna kitu kimoja tu ambacho mkulima wa kwetu hulala akikiwaza, nacho ni vile vikabichi vya saizi ya ndimu, visivyopendwa na mtu na bado haipo meza ya Krismasi inayothubutu kuvikosa. Kila tuta lilikuwa limefunikwa wavu wa kijani kuzuia njiwa. Tuta la Clifford lilikuwa na nyavu mbili.

Tuta la Winifred Oldroyd, bingwa wa miaka tisa, lilikuwa uchi. Vikabichi vilikuwa vimedonolewa vikabaki vijiti. Katikati yake ilisimama sanamu ya kutishia ndege, imevaa koti la marehemu mume wake, njiwa wawili wamekaa kofiani. Mkononi sanamu ilikuwa imeshika fimbo ndefu ya chuma. Ncha yake ilikuwa na kulabu.

"Nikumiminie chai?" ilisema sauti nyuma yake.

Winifred alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyofudikizwa. Thelma hakukataa chai. Aliketi kwenye ndoo nyingine.

"Bibi Oldroyd, ni mtu gani mwenye akili anayevua wavu vikabichi vyake Novemba, wiki mbili kabla ya maonyesho?"

"Mtu aliyezeeka."

"Au mtu mwenye kitu anachokipenda zaidi."

Winifred alijimiminia chai. Halafu alianza kuzungumza.

"Jumatano jioni nilimwona jike anajaribu kidimbwi cha kwanza. Karuka mara moja, kaanguka chini. Nilipaswa kufurahi, sivyo? Niliogopa. Nikamwambia, mama, subiri. Tafadhali. Mmengoja miaka mia mbili, siku tatu ni nini? Akajipanga kuruka tena. Basi nikakimbilia bandani."

"Kwa ajili ya Meya?"

"Meya!" Winifred alitema neno hilo kama kokwa. "Meya hajui samoni wala dagaa. Kwa ajili ya Ephraim. Alinishika mkono siku waliyompeleka Thornley, akaniambia, Winnie, msinijengee sanamu, wala benchi lenye jina langu. Nataka kumwona mmoja tu akipita. Mmoja, basi. Na daktari kasema Jumamosi, si siku nyingine. Nimwambie nini? Kwamba walipita Jumatano, wakatazamwa na mimi na bata?"

"Anajua wamefika?"

"Nimemficha. Angejua angetoka kitandani kwa miguu, akafa njiani. Nilipanga kesho alfajiri nizitoe mbao mwenyewe, nirudishe kulabu, isijulikane. Sikujua Clifford amekuwa mlinzi wa samaki! Nani angejua?" Akajipangusa macho kwa glavu ya udongo, uso ukawa na michirizi. "Nipeleke kituoni, mwanangu. Ila baada ya kesho."

"Umeenda kuutazama mto leo?"

"Nina haya. Siwezi kuwatazama usoni."

"Maji yanashuka, Bibi Oldroyd. Mto haujui habari za Jumamosi. Ifikapo jioni ngazi itakuwa kavu, uzitoe mbao usizitoe."

Chai ilimwagika yote. Sijawahi kusikia mtu mwingine aliyemwona Winifred Oldroyd akimwaga chai.

"Nimewaua," alisema. "Nimewaua mimi!"

"Bado," alisema Thelma, na akaipokonya sanamu silaha yake.

Saa nane na robo gari la polisi lilisimama mbele ya nyumba ya wazee ya Thornley, king'ora kikilia. Msimamizi, mwanamke mwenye saa kifuani, alitoka mbio.

"Mzee Lumb haruhusiwi kutoka mpaka kesho!"

"Ni shahidi muhimu."

"Wa kosa gani?"

"Kuwazibia njia wasafiri."

Msimamizi alimtazama Thelma, akaitazama kulabu iliyochomoza dirishani. "Basi na mimi nakuja. Na atavaa soksi mbili."

Ephraim Lumb alifika mtoni kwenye kiti cha magurudumu, blanketi mpaka kidevuni, ndara miguuni, amechangamka kama aliyetoroka jela. Clifford alikuwepo na mwavuli wake, na Desmond, aliyeletwa kwa ajili ya misuli. Winifred alisimama mbali kidogo, amejikunyata.

"Kabla hatujafungua," alisema Thelma kwa sauti ya kazi, "mzee huyu ana haki ya kujua nani aliyeifunga."

"Pogson!" alisema Clifford.

"Haigh!" alisema Desmond.

"Ni mimi, Ephraim," alisema Winifred.

Mzee hakusikia vizuri, ikabidi arudie, na kusema kosa lako mara mbili kwa kupaza sauti ni adhabu tosha. Akaeleza yote, jike, Jumamosi, vikabichi. Mdomo wa Clifford ulibaki wazi aliposikia habari ya wavu.

Ephraim alimgeukia Winifred.

"Miaka arobaini," alisema, "napigana na watu wanaowazibia samoni njia. Kumbe mkubwa wao ni mwenyekiti wa kamati yangu."

"Nilitaka uone."

"Kwa ajili yangu uliwaachia njiwa vikabichi?"

"Vyote."

"Mjinga wewe, Winnie." Akatoa mkono chini ya blanketi, akaunyoosha kwake. "Njoo hapa. Usisimame mbali, utakosa."

Desmond na Thelma walivuta, Clifford akitoa amri ambazo hazikufuatwa. Ubao wa kwanza ulitoka, wa pili, wa tatu. Maji yakaingia mdomoni mwa ngazi, membamba, yakajaza kidimbwi baada ya kidimbwi mpaka chini. Wavu ukavuliwa.

Tulikuwa tumeshafika watu kadhaa, maana king'ora kwetu ni kama kengele ya harusi, na hata watoto waliacha kukohoa. Ilipita robo saa. Msimamizi akaitazama saa yake ya kifuani. Maji mdomoni yalikuwa yamebaki kidole kimoja.

Kisha mgongo wa fedha ukatokea kidimbwi cha kwanza. Ukaruka, cha pili. Cha tatu aliangukia zege, akateleza nyuma, na Winifred akafunika macho. Akaruka tena. Cha nne, cha tano. Kwenye kidimbwi cha mwisho alipumzika hapo hapo mbele ya ndara za Ephraim Lumb, karibu hata angeweza kumgusa, halafu akapiga mkia mara moja, akapita chini ya utepe mwekundu wa Meya, akaingia mto wa juu. Dume lilimfuata bila kupumzika.

Ephraim alikuwa analia waziwazi, na wala hakujifuta.

"Mbona mdogo?" alisema hatimaye.

Jumamosi Meya alikuja na mkufu wake wa cheo na mkasi wake, na mji mzima. Mto ulikuwa umeshuka, ngazi inadondosha matone tu. Sajenti alimsogelea Thelma kwenye umati.

"Nasikia umempata mhalifu."

"Ndiyo, Sajenti. Sanamu ya kutishia ndege, viwanja vya manispaa. Amekutwa na kulabu mkononi."

"Amekiri?"

"Amekataa kusema lolote."

Sajenti alimtazama Winifred, aliyekuwa anagawa chai. Pembeni yake Clifford Haigh, bila kuombwa, alimsogezea kikapu kilichojaa vikabichi vinene vya kijani, akaondoka haraka kabla hajashukuriwa. Sajenti aliamua kwamba kesi imefungwa.

Meya alikata utepe. "Kuanzia sasa," alitangaza, "samoni wanaruhusiwa kupita!" Tulipiga makofi, kisha tukainama sote kuyatazama maji matupu. Dakika moja. Dakika mbili.

Katika ukimya huo Mzee Lumb, ambaye masikio yake hayamwambii sauti yake ni kubwa kiasi gani, alimgeukia Winifred.

"Winnie! Hawa hawajaambiwa kwamba wageni wameshaingia ndani?"